Panya, choo na kodi ya nyumba: Maisha ya Kasisi Owen, na somo kwako unayelala chini ya mabati

Siku hizi mtu akikwambia amelemewa na kodi ya nyumba, unajua mara moja anamzungumzia landilodi. Tarehe tano imefika, keateka anagonga mlango, na mwenye keja amezima hata redio ili ionekane hayuko. Lakini miaka mia moja iliyopita, kwa babu ya babu yako kule Kimilili au Malakisi, maneno hayo hayo yalikuwa na maana nyingine kabisa. Kodi ya nyumba ilikuwa pesa ambazo serikali ya mkoloni ilimtoza mtu kwa kila nyumba aliyoijenga mwenyewe, kwa udongo wa shamba lake na nyasi alizokata kwa mikono yake.

Ukiwa na wake wawili na kila mmoja ana nyumba yake, ulilipa mara mbili. Sasa hebu piga hesabu kama mtu wa wakati huo. Kila nyumba mpya inakuletea deni. Utajenga ngapi? Kwa hesabu hiyo, kubanana ndani ya nyumba moja na watoto, kuku na mbuzi kulikuwa nafuu.

Katikati ya mambo hayo mawili, kodi upande mmoja na nyumba yenye moshi na unyevu upande wa pili, aliingia kasisi mmoja ambaye jina lake wazee wa magharibi mwa Kenya walilijua sana: Walter Edwin Owen. Wewe pengine hujawahi kumsikia. Lakini mabishano aliyoyaanzisha bado hayajaisha, na kama unalala chini ya mabati Kitale au Bungoma, yanakuhusu.

Alikotoka

Owen alizaliwa Birmingham, Uingereza, mwaka wa 1878, akakulia Belfast. Alijiunga na wamishonari wa CMS, na mwaka wa 1904 akatumwa Uganda. Alikaa huko miaka 14. Mwaka wa 1918 akapandishwa cheo kuwa arkidikoni wa Kavirondo. Usishtuke na maneno hayo. Arkidikoni ni kasisi mwenye cheo cha chini kidogo ya askofu. Na Kavirondo ndilo jina ambalo Waingereza waliliita eneo lote la Waluo na Waluhya. Sehemu ya kaskazini, Kavirondo Kaskazini, ndiyo iliyokuwa na Kakamega na Bungoma za leo. Wakati huo Waanglikana wa huku walikuwa bado wanasimamiwa kutoka Uganda, kwa hiyo yeye alivuka tu mpaka akaingia kazini.

Alifika wakati mbaya. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa inaisha. Maelfu ya wanaume wa magharibi walikuwa wamechukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, ile kazi iliyotupa jina Kariakoo, na wengi hawakurudi. Mafua makali ya 1918 yakafagia vijiji, njaa ikafuata. Na tauni, ugonjwa unaoletwa na viroboto wa panya, ilikuwa inarudi mara kwa mara upande wa Kisumu.

Kabla hujaanza kuzicheka nyumba za enzi hizo, sikiliza. Nyumba ya msonge ya Mbukusu au Mluo ilijengwa kwa akili. Ukuta mnene wa udongo unahifadhi joto la mchana na kulitoa polepole usiku, jambo la maana sana ukiishi chini ya Mlima Elgon. Moshi wa jiko la katikati ulipanda, ukakausha nyasi za paa na kufukuza wadudu wanaozila. Mifugo ililala ndani kwa sababu nje kulikuwa na wezi na chui.

Lakini moshi huo huo uliingia kwenye mapafu ya mama na watoto. Paa la nyasi na ghala la nafaka vilikuwa hoteli ya panya. Sakafu ya udongo, mtu akilalia ngozi au mkeka, ilimpa baridi, unyevu, funza, viroboto na papasi, wale kupe wadogo wa ndani ya nyumba wanaoleta homa ya kurudi rudi. Na pasipo choo, mvua ikinyesha uchafu wote uliteremka hadi kwenye chemchemi.

Vijana wa Maseno waanzisha moto

Kilichofuata kililetwa na vijana wa umri kama wako, wakati Owen angali mtu wa pembeni. Mwaka wa 1920 Waingereza waligeuza nchi hii kutoka himaya kuwa koloni. Kipande kikawa shingoni mwa kila mwanamume mzima Mwafrika, na kodi ikapandishwa hadi shilingi 16 ilhali mishahara ilikuwa inapunguzwa. Wasomi wa shule ya Maseno wakachoka. Desemba 1921 wakakutana Lundha, huko Gem, wakaunda chama cha vijana wa Kavirondo. Mwenyekiti alikuwa Jonathan Okwiri, katibu Benjamin Owuor Gumba, mweka hazina Simeon Nyende. Wananchi wakakiita Piny Owacho, yaani nchi imesema.

Walidai mambo mazito. Koloni irudi kuwa himaya, kipande kifutwe, kodi ipunguzwe, kambi za kazi za lazima zifungwe, na watu wapewe hatimiliki za ardhi yao. Serikali iliogopa, hasa baada ya risasi kufyatuliwa Nairobi Machi 1922 watu walipodai kuachiliwa kwa Harry Thuku. Kodi ikashushwa hadi shilingi 12, na kambi zile zikafungwa. Lakini vijana wenyewe walikuwa wanawindwa kwa macho.

Hapo ndipo Owen alipoingia. Mwaka wa 1923 alikubali kuwa rais wa chama, kikabadilishwa jina kuwa Chama cha Ustawi wa Walipa Kodi wa Kavirondo. Litazame jina hilo vizuri. Walipa kodi, na ustawi. Maana yake ni kwamba mtu anayetozwa ana haki ya kupata maisha bora. Kwa wakati ule hilo halikuwa neno dogo.

Orodha ya panya

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Owen aliamini kwamba mapinduzi yanaanza mlangoni mwako. Ukijiunga na chama, uliweka ahadi. Uchimbe choo. Uue idadi fulani ya panya kila wiki. Usichafue chemchemi. Upande miti. Ulale kitandani badala ya chini. Usafishe vyombo vya kulia. Uache ulevi.

Najua unacheka. Watu wamedai hatimiliki za ardhi, wanapewa hesabu ya panya! Lakini chukua orodha hiyo uipitie kitu kimoja kimoja, utaona haikuwa upuuzi.

Panya akipungua, viroboto wanapungua, tauni inakosa usafiri. Kitanda kinakuinua kutoka kwenye sakafu baridi, na nafasi ile ya hewa chini ya godoro ndiyo inayozuia unyevu wa ardhi kukupanda mwilini. Leo mtu anayelaza godoro moja kwa moja kwenye simiti anajua lilivyo upande wa chini baada ya miezi miwili ya mvua: jeusi, limeoza, lina harufu. Choo kinaikinga chemchemi. Miti inavunja upepo, inatoa kuni na nguzo.

Na jambo la maana zaidi: karibu kila kitu kwenye orodha kiliwezekana bila pesa nyingi. Jembe, udongo, kamba na miti ya kuundia kitanda. Owen hakuwaambia watu wangoje mabati na simiti. Wanachama wakaanza kuangaliana, jirani akimwona jirani amechimba naye anachimba. Chama kilienea hadi Kavirondo Kaskazini, ambako Waluhya walikuja kuwa na tawi lao wenyewe.

Jini mkuu

Kama hadithi ingeishia hapo, Owen angekuwa tu Mzungu mwingine wa kuwafundisha Waafrika kunawa mikono. Lakini kasisi huyu alikuwa na upande wa pili.

Aliwakera wakubwa wa serikali kwa barua. Alifichua jinsi wanawake na watoto walivyolazimishwa kutengeneza barabara bila malipo, na akayapeleka mambo hayo hadi kwenye gazeti la Manchester Guardian huko Uingereza, ambako wabunge wangeyasoma. Dhahabu ilipopatikana Kakamega mwanzoni mwa miaka ya 1930, serikali ilikuwa imetoka tu kuahidi, katika sheria ya 1930, kwamba ardhi ya wenyeji haitaguswa bila kufidiwa kwa ardhi nyingine. Mwaka wa 1932 ikaibadilisha sheria hiyo haraka ili wachimbaji wapite. Owen alikuwa miongoni mwa waliopiga kelele. Mwishoni mwa miaka hiyo alipinga pia sheria iliyoruhusu watoto wa miaka 10 kuandikwa kazi.

Masetla hawakumpenda hata kidogo. Walichezea cheo chake cha Kiingereza, wakabadilisha herufi chache tu, kikasomeka jini mkuu wa Kavirondo. Wamishonari wenzake wengine nao walimwona mtu wa kuleta soo.

Alikuwa na udadisi wa ajabu pia. Alizunguka akiokota mawe na mifupa ya kale, akachimba kisiwa cha Maboko mwaka wa 1933, na vigae vya vyungu vya kale alivyovikusanya upande wa Kavirondo ya Kati vikaja kuwa utafiti alioshirikiana na Louis na Mary Leakey. Yaani mtu aliyehesabu panya kwenye nyumba za watu alijua pia kwamba watu wa huku walikuwa wakijijengea na kujipikia kwa ustadi tangu zamani sana.

Lawama ambayo haijafutika

Hata hivyo, kuna lawama nzito juu yake, na usiiruke. Wanahistoria wengi wanasema Owen aliuzima moto wa Piny Owacho. Vijana walianza na madai ya ardhi na utawala, wakajikuta wanahesabu mikia ya panya. Serikali ilifurahi. Mtu anayeshughulika na choo chake hana muda wa kuuliza kwa nini kodi yake inajenga barabara ya setla. Wakatoliki wakajitenga wakawa na chama chao. Baadhi ya viongozi wakageukia biashara. Kufikia miaka ya 1930 Waluhya wa Kaskazini walikuwa wameunda chama kingine chenye makali zaidi kutetea ardhi.

Upande wa utetezi nao una hoja. Bila Owen, huenda viongozi wale wangefukuzwa makwao kama Thuku, aliyepelekwa Kismayu. Yeye aliwapa mwavuli. Na watoto waliokua katika nyumba zisizo na panya walikua kweli.

Mimi naona jibu liko Trans Nzoia. Baada ya vita, ardhi ile iliyozunguka Kitale iligawiwa masetla, wakiwemo wanajeshi wastaafu. Wabukusu na wengine wakaenda kuishi humo kama maskwota. Sheria ilimtaka skwota afanye kazi ya setla siku zisizopungua 180 kwa mwaka ili aruhusiwe kukaa na familia yake. Sasa mpe mtu huyo orodha ya Owen. Atachimba choo, sawa. Ataua panya, sawa. Lakini atajenga ukuta wa kudumu kwenye ardhi anayoweza kufukuzwa mwaka ujao? Atapanda mti ambao hatauona ukikua? Nyumba yake ilikuwa baridi na mbovu kwa sababu alijua si yake. Hapo orodha inagonga mwamba, na hapo ndipo yale madai ya kwanza ya vijana wa Lundha, hatimiliki za ardhi, yanapoonekana kuwa suala la afya.

Owen alifariki mwaka wa 1945, miaka 18 kabla ya uhuru. Chama chake kilikuwa kimeshafifia.

Wewe na keja yako

Kwa nini nakusimulia haya? Kwa sababu mpangaji wa leo ndiye skwota wa jana. Tembea Kipsongo au Tuwan pale Kitale, au Mashambani pale Bungoma, uone. Chumba kimoja, mabati juu na pengine mabati ubavuni. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, usiku wa Julai si mchezo. Bati halihifadhi joto kama ule ukuta wa udongo wa babu. Mchana linakuoka, usiku linakuganda. Alfajiri unashangaa matone yanadondoka ilhali hakujanyesha. Hiyo ni pumzi yenu na mvuke wa chai, vimegonga bati baridi vikageuka maji. Ukutani inaota kuvu, mtoto anakohoa wiki nzima.

Orodha ya Owen bado inafanya kazi, ukiiandika upya. Chimba mfereji mdogo kuzunguka ploti, maji ya paa yasisimame kwenye msingi. Inua godoro, hata kwa mbao za kreti zilizopangwa juu ya matofali. Tundika dari la katoni au magunia yaliyoshonwa, ukiacha nafasi ya hewa kati yake na bati, na uliweke mbali na moto. Acha tundu la hewa juu karibu na paa, mvuke utoke. Ukuta wa udongo ukipasuka, ukande upya kwa udongo uliochanganywa na samadi. Funika chakula, ziba mashimo, panya ataenda kwingine.

Na moja ambayo Owen hakuiandika: usilale na jiko la makaa ndani ukitafuta joto. Makaa yanatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Inaua mtu usingizini, familia nzima kwa usiku mmoja. Koka nje, pika, zima, ndipo uingie. Ongeza blanketi, vaa soksi, lakini jiko libaki nje.

Hiyo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni ile ya vijana wa Lundha. Unajua Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, ilianza kutumika lini? Mwaka wa 1921, mwaka ule ule wa Piny Owacho. Inasema nyumba ambayo ujenzi wake, hali yake au uchafu wake unahatarisha afya ni kero kisheria, na afisa wa afya anaweza kumwandikia mwenye nyumba notisi airekebishe. Maana yake, wakati watu wanaapishwa kuua panya, sheria ya kumwajibisha mwenye jengo ilikuwa tayari kwenye vitabu. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inakupa haki ya makao yanayofaa na usafi wa kiwango cha kuridhisha. Afya siku hizi iko chini ya kaunti. Afisa wa afya ya umma ana ofisi, na kazi yake ni wewe.

Ukienda peke yako, landilodi atakutolea vyombo nje. Mkienda wapangaji kumi wa ploti moja, mkiwa na picha za ukuta ulioota kuvu na choo kilichojaa, hawezi kuwafukuza wote mwezi mmoja bila kupata hasara. Inawezekana hapa kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakazi wa Kipsongo, Tuwan na Shimo la Tewa walikaa na shirika la ITDG, ambalo sasa linaitwa Practical Action, pamoja na baraza la mji wa Kitale, wakaeleza wenyewe shida za mitaa yao na kupanga lipi litangulie. Wakazi waliingia ofisini wakiwa na mpango mkononi.

Kidole kimoja hakivunji chawa, wala panya. Owen alikuwa sahihi kuhusu kitanda na choo. Vijana wa Maseno walikuwa sahihi kuhusu kodi na hatimiliki. Kosa lilikuwa kuwafanya watu wachague kimoja. Kwa hiyo wikendi hii chimba mfereji wako, na Jumatatu asubuhi, kabla keateka hajaja kuulizia kodi, wewe na majirani muwe tayari mko kwenye benchi la afisa wa afya.